Pale

Mabao mia mbili themanini na saba.
Karibu nusu yalitoka mguuni mwangu,
lakini winga hahesabiwi:
aliyechota maji hatajwi chai ikisifiwa.

Wilf Garside, mwana wa msokota pamba wa Scarthwaite.
Hakuwa na mbio, hakuwa na chenga.
Alikimbia kama mtu aliyesahau funguo nyumbani
na anazirudia shingo upande.
Mpira wa kichwa aliupiga kafumba macho
(nasema leo, hakuna wa kunikata mshahara).

Mimi kwenye kibendera cha kona,
mvua ya Lancashire inanichapa shavu moja tu,
sikuinua macho kumtafuta. Nilipiga.
Naye alikuwa pale.
Goti, ugoko, paja, siku moja tako:
nyavu hazijali, refa haandiki umbo.

Nilimuuliza mara moja, ndani ya bafu la timu,
wanaume kumi na mmoja katika maji ya rangi ya kutu.
"Unajuaje, Wilf?"
Akachokonoa tope sikioni. "Naenda pale."
"Pale wapi?"
"Pale unapokuja, Ned."
Nikaomba sabuni.

Alitundika daluga mwezi wa tano.
Agosti akarudi na koti refu la kahawia: kocha.
Mji ukanoa meno. Sasa ndiyo masika ya magoli!
Bi Openshaw wa duka la mikate akabandika tangazo,
pai ya bure kwa kila goli la nne.
Hakutoa hata moja.

Sare tasa Jumamosi.
Sare tasa Jumanne, ukungu umelala hadi katikati ya uwanja.
Moja bila, beki wao kajifunga.
Sare tasa.
Walimzomea kwa jina ambalo jana walilishangilia.

Mazoezini aliazima chokaa ya mchora mistari,
akachora duara, upana wa sinia,
hatua saba kutoka mwamba wa mbali.
Akamwita Royston Pilling, beki mzito kama kabati.
"Simama humu."
"Nifanye nini, bosi?"
"Usifanye kitu. Kuna mtu atakuja. Akukute."

Nililitazama lile duara, magoti yakanilegea.
Miaka tisa nilikuwa nalenga humo
na sikuwahi kupaona.

Basi ndivyo mvunja milango alivyoishia kuuza makufuli.
Tukapanda daraja kwa magoli thelathini na moja, msimu mzima,
na tukafungwa kumi na mawili.
Hakuna aliyecheza barabarani.
Msimu wa tatu mwenyekiti akamwita ofisini:
watu, alisema, hawalipi kiingilio waje kutazama mlango uliofungwa.

Mechi yake ya mwisho nilikaa nyuma ya benchi
na chupa yangu ya chai.
Dakika ya themanini na nane, bila kwa bila,
kijana wa kushoto akapiga krosi,
krosi mbaya, nisingeiwekea sahihi.
Ikapita mbele ya goli zima, hakuna aliyefika.

Ila chini ya lile koti la kahawia
goti la kulia lilinyanyuka.
Inchi moja. Labda mbili.

Nilikuwa nimesimama, mikono juu, chai mapajani.
Mzee wa kiti cha jirani, macho yake hafifu,
akanishika kiwiko: "Goli?"

Nikamwambia ndiyo.