Jiwe la Kilo Moja

Mizani ya omena hushika kutu upesi.
Hilo alinifundisha Obuya mwaka wa kwanza,
nilipokuwa nashika bisibisi kama kijiko.
"Nasambu," akasema, "usiiguse kwa kidole.
Mizani ukiisukuma
inakuambia unachokitaka."

Miaka kumi na mmoja sasa, hapa Kibuye,
nyuma ya wauza magunia.
Toka Kondele hadi Otonglo
hakuna duka la nafaka lisilo na mizani
iliyolala kwenye mapaja yangu ikifunguliwa tumbo.
Wateja hawasemi tena, "Peleka kwa Obuya."
Wanauliza, "Yule msichana yuko?"
Msichana! Nina miaka thelathini na minane
na mtoto kidato cha pili.

Macho ya mzee yamechoka.
Hasemi. Huinama juu ya uso wa mizani,
huvuta pumzi, kisha:
"Hebu soma wewe, mwanga mbaya."
Mwanga wenyewe ni wa saa saba mchana Kisumu,
jua la kukaanga yai juu ya bati.
Nasoma. Anaandika nilichosoma.
Risiti inatoka na jina lake.

Mwezi uliopita Bi. Shitanda wa mahindi
alilipa elfu tatu, mia nne zikawa zangu.
Akaninong'oneza akifunga kibindo:
"Fungua lako. Nitakufuata, mimi na soko lote."
Soko lote.
Maneno yamenikaa kooni kama mfupa wa mbuta.

Na chumba kipo. Milango mitatu tu kutoka kwetu,
mlango wa buluu, elfu sita kwa mwezi.
Nimekuwa nikikitazama
kama mtu anavyotazama viatu dukani
akijifanya anapita tu.

Usiku naweka huku: karo, zile mia nne,
mikono hii.
Naweka kule: siku tulipomzika mama, Webuye,
Obuya akafunga duka siku tatu,
akaja na koti lake la Jumapili
akalivua, akashika jembe pamoja na wanaume.
Na ule ubia alioniahidi mwaka wa tano,
akasahau, au akajua kusahau,
niuweke sahani ipi?

Halafu daftari.
Namba za simu mia mbili na kitu,
mwandiko wangu, daftari lake. Za nani?
Jumapili usiku nilianza kuzinakili.
Nilipofika herufi ya K
nikakiona kidole changu
kimelala juu ya sahani.
Nikachana nilichoandika.

Jumanne nilifika kabla ya wauza chai.
Alikuwa ameshafika. Anafuta jiwe la kilo moja
kwa kitambaa, kama anayemfuta mtoto uso.
Sikuketi.
"Mzee, nimekuja kukuambia mwenyewe,
kabla hujasikia kwa wateja."

Hakuinua kichwa. Jiwe likageuka, likageuka tena.
"Chumba kipi?"
"Cha mlango wa buluu."
"Kile kina unyevu. Ukuta wa nyuma
unatoka jasho Machi mpaka Juni.
Mawe yako yataota kutu,
utawaibia watu na hujui.
Chukua cha fundi viatu, anahama."

Akaliweka jiwe chini. Halikulia.
"Bei yangu nashusha kuanzia Jumatatu."
"Najua."
"Na mteja akitoka kwangu kuja kwako,
usimpe habari ya macho."
Nikasema sitampa.

Akanisogezea mizani ya mwenye bucha,
ile yenye mshale uliopinda.
"Haya, soma.
Mwezi haujaisha."