Orodha ya Smaranda

Smaranda aliandika orodha ndani ya treni,
kalamu ikiruka kila tulipovuka daraja:
Jumamosi saa nne, Kanisa Jeusi;
uwanja wa baraza, kahawa, picha;
uchochoro mwembamba kuliko yote mjini;
mnara mweupe kabla jua halijatua.
Jumapili, msitu. Kwa muda wa saa tatu tu.
Akapiga mstari chini ya "tu."

Mama alikaa dirishani, mkoba magotini,
akimenya yai la kuchemsha,
maganda akiyapanga kwenye leso
kama anayehesabu chenji.
Miaka arobaini na mmoja hajarudi Brashov.
Tulimwuliza anataka kuona nini.
"Chochote," alisema. "Nyinyi ndio wageni."

Kanisa tuliliona. Jeusi kweli,
kama sufuria ya msibani.
Ndani wametundika mazulia yaliyosafiri kutuzidi sisi;
Mama aliyakagua kwa jicho la fundi:
"Hili walilishona vibaya pembeni."
Uchochoroni Smaranda alinyoosha mikono
akagusa kuta zote mbili. Nikapiga picha.
Tulipogeuka, Mama hayupo.

Mkahawani hayupo. Kanisani hayupo.
Tulimkuta kituo cha basi, ameketi wima,
tiketi tatu mkononi.
"Yenu imekwisha," alisema. "Sasa yangu."

Basi likatutoa penye vigae vyekundu
likatushusha mbele ya duka la vioo, ghorofa kwa ghorofa,
ngazi za umeme, harufu ya bisi.
Hapo ndipo kilipokuwa kiwanda cha matrekta.
Mama alipita katikati ya viatu na simu
kama mtu anayekwenda msalani usiku nyumbani kwake,
akahesabu hatua kutoka mlango usiokuwapo,
akasimama kando ya mashine ya peremende.
"Hapa. Mashine yangu ya kukerezea vyuma ilikuwa hapa.
Na pale,"
(pale palikuwa na sanamu isiyo na kichwa,
imevikwa koti la nusu bei)
"pale alisimama Octavian."

Jina hilo hatukuwahi kulisikia.
Baba yetu aliitwa Sorin.
Smaranda alifungua mdomo, akaufunga.
Mashine ikamdondoshea mtoto wa watu peremende.

Usiku baridi ilishuka,
asubuhi mlima ulioinamia mji
ulikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Msituni majani yalipukutika bila upepo,
moja huku, jingine kule,
kama watu wanaotoka harusini mapema
wasitake kuonekana.
Kibao kilituonya kuhusu dubu.
Mama alikisoma kwa sauti,
akapiga makofi mara tatu, kama anayebisha hodi,
akaingia.

Aliinama, akaokota njugu za pembetatu,
akatugawia. Zilikuwa chungu kidogo.
"Jumapili tulikuja hapa, karakana nzima,
na mkate na vitunguu.
Yeye hakupenda vitunguu."

"Alikwenda wapi?" niliuliza.

Akaendelea kumenya njugu.
"Alisema atauvuka mto mkubwa usiku,
aogelee hadi ng'ambo, kwenye nchi ya wengine.
Aliniomba twende wote."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia maji yana baridi."

Jani lilitua begani kwake. Hakulipangusa.
Nilitaka kuuliza kama alifika,
kama kuna barua,
kama Baba alijua,
na kila swali lilipofika kooni
lilionekana kubwa mno kwa msitu ule.

Smaranda alitoa orodha mfukoni.
Nikadhani anatazama muda.
Aliikunja ikawa kibweta,
akatia njugu ndani, akampa Mama.

Treni ya saa kumi tuliisikia bondeni,
ikipiga honi, ikiondoka.
"Ile ilikuwa yetu," nilisema.
"Ipo nyingine," alisema Mama,
akatandika koti lake juu ya majani,
akajisogeza, akatuachia nafasi.