Ufunguo wa Friji

Nauvaa shingoni, ndani ya shati,
pale babu yangu alipovaa hirizi.
Ni wa friji. Wa pili wa kabati la mkate.
Wa tatu, mdogo, wa pipa la taka:
huo niliununua baadaye,
na sitaki kueleza kwa nini.

Kwetu, anayemfungia mtoto chakula ana jina lake.
Jina hilo sasa ni langu, hapa Dundee,
ghorofa ya tatu, dirisha likiutazama mto Tay
na mvua inayokuja kwa ubavu.

Makame alizaliwa mlegevu kama kitambaa kilicholowa.
Hakuweza kunyonya. Mwanakombo alimkamulia,
tone, kisha tone, kwa bomba la sindano,
nami nikimbembeleza: meza, baba, meza.
Tulimwombea hamu ya kula karibu miaka mitatu.
Labda tuliomba kupita kiasi, niliwaza,
siku alipokula siagi pamoja na karatasi yake.

Daktari Rennie alichora kwa kalamu ya bluu
nyuzi mbili, wa mama na wa baba,
kromosomu ya kumi na tano.
“Hapa,” akasema, “pana pengo.”
Lilikuwa kwenye uzi wangu.
Akawahi kusema si kosa la mtu,
ni kama mwandishi anayenakili usiku
akaruka mstari.
Mchana nayaamini maneno hayo.
Usiku nauwaza mstari wenyewe:
mmoja tu,
na humo ndimo lilimoandikwa neno
*nimeshiba*.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, twasema,
kana kwamba njaa daima ni ghala tupu.
Mwanangu ana njaa na sahani imejaa,
ana njaa angali anatafuna,
ana njaa usingizini, midomo ikimcheza.
Saa kumi na mbili na dakika ishirini, sahani imelambwa,
anauliza kesho itafika saa ngapi.

Kwenye basi watu hulitazama tumbo lake,
kisha hunitazama mimi.
Bi Sheena wa chini, mwenye huruma,
alikuwa akimpenyezea biskuti mlangoni.
Nilimweleza yote. Akalia.
Juzi akampenyezea tena.

Na jana usiku, upepo ukigonga vioo,
Makame alikuja kitandani kwetu, miguu baridi,
mkono wake ukipapasa kifua changu gizani.
Nikajua anatafuta nini. Nikabana pumzi,
nikajifanya nimelala, nione mwizi wangu atafanyaje.
Kiganja kikaufikia ufunguo. Kikatulia juu yake.
“Baba, umefunga?”
“Nimefunga.”
“Hata la mkate?”
“Hata la mkate.”
Akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo,
akalala papo hapo,
kiganja bado juu ya chuma.
Mimi ndiye niliyekesha.