Nywila

Kidude chenyewe hakizidi ukucha wa kidole gumba.
Nilikinunua stendi ya Masasi kwa kijana wa chaja na kava,
akakipuliza vumbi, akaniapia kwa mamaye:
"Wewe chomeka tu, kitajitambua chenyewe."
Nikapanda nacho hadi Newala,
kimefungwa pindoni mwa kanga kama nauli.

Nikachomeka. Hakikujitambua.
Kompyuta yangu, yenye kisogo cha kizamani,
niliyouziwa na chama cha msingi walipoleta mpya,
ililia mara moja, ti-ting,
ikaandika: kifaa hakijulikani.
Nikaiambia, hata mimi hunijui,
na mwaka wa kumi na moja huu nakufunika kitambaa.

Ndani ya boksi mlikuwa na kisahani cha programu.
Mdomo wa kula visahani ulikufa zamani;
ulimeza cha harusi ya mdogo wangu, haukutapika.
"Basi pakua," akasema Asumini, kidato cha tatu,
"dereva wake yuko mtandaoni."
Nikamtazama.
Niingie mtandaoni, namtaka dereva.
Nimpate dereva, niingie mtandaoni.
Ufunguo umefungiwa kabatini,
na kabati ni la ufunguo huohuo.

Asumini hakucheka. Alichukua waya wa chaja,
akaunga simu na kompyuta, kitovu kwa kitovu,
bando likadondoka tone tone
kama bomba la tangi letu mwezi wa tisa:
asilimia sitini, sitini na moja,
nami nimebana pumzi nisije nikalimwaga.
Kisha kidude kikafumbua kijicho cha buluu.

Majina yakajipanga kwenye kioo.
ZAHANATI. USINIIBIE BANDO. DUKA LA MAMA FAIDHA.
Sikujua hewa ya sebule yangu
imejaa watu kiasi hiki.
Na juu kabisa, vijiti vinne:
CHIPANDA.

Chipanda wa ua wa pili.
Chipanda wa baraza la kata, miaka sita sasa,
kwa mkorosho mmoja uliosimama mpakani,
mizizi kwake, kivuli kwangu,
au kinyume chake, inategemea nani anaapa.
Kila msimu tunadamka kuokota
mmoja asimkute mwenzie.
Salamu yetu ni kukohoa.

Kisanduku cha nywila kikanisubiri, kitupu, kikipepesa.
Bei za mnada zinatoka leo. Mimi ndiye karani.
Wanachama watabisha hapa kabla ya magharibi,
na ukungu umeshafunga njia ya ofisini.
Nikamtuma Asumini.
Akarudi anajing'ata mdomo:
"Amesema uandike mwenyewe, kwa mkono wako.
Herufi ndogo, bila nafasi:
mkoroshoniwangu."

Ee, Chipanda!
Nikaandika m. Nikaandika k. Nikaenda kunywa maji.
Nikarudi nikaandika vilivyobaki,
na nilipofika kwenye "wangu" kicheko kikanitoka,
maana anayeyaandika maneno hayo
anayaandika kwa kidole chake,
na baraza halipo.
Nikabonyeza. Mlango ukafunguka.
Bei ilikuwa imepanda kidogo.

Sasa mvua zimeanza.
Kidude nimekitundika dirishani ndani ya chujio la waya,
tumbo la chujio likimtazama yeye,
ndivyo kinavyosikia vizuri.
Lakini majani yakilowa vijiti vinaanguka,
vinne, viwili, kimoja,
nami napaza sauti juu ya ua:

"Chipanda! Umezima?"
"Sijazima! Mti wako huo unaziba!"
"Mti wangu? Wako!"
"Wako, nakwambia! Upogoe!"

Asumini, mwenye mtihani kesho,
anapita katikati yetu na panga,
haulizi.