Mshono wa Kumi na Tano

Mtuba ulisimama nyuma ya jiko la shangazi, Bukomansimbi.
Mvua za Aprili zilipolainisha utomvu nikauvua gome,
kisha nikauvika majani ya mgomba,
maana mti uliovuliwa hutetemeka
kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Halafu banda, na nyundo tatu:
ya mifuo mipana, ya mifuo ya kati,
na ile ya mwisho, laini, inayoshikwa kama siri.
Ko, ko, ko, tangu alfajiri
hadi bega likasahau kuwa ni langu.

Pale tawi lilipokatwa zamani
gome lilikataa kunyooka. Likatoboka.
Nikatia kiraka kwa uzi wa ukindu,
mishono kumi na minne, nikiona haya,
kama mtu anayeficha pengo akicheka.

Nabukalu alikuja kwa bodaboda, rangi imemganda kuchani.
Nikaanza kumpunguzia bei kwa ajili ya kiraka.
Akasema, hicho ndicho nilichokifuata.
Nikamwuliza, nani amekufia?
Kwetu anunuaye lubugo huulizwa hivyo.
Alicheka,
akanyamaza,
akahesabu noti.

Leo niko Kamwokya, katika nyumba ya kuta nyeupe,
viatu vya shemeji vinanibana.
Lubugo wangu umetundikwa.
Haukumsitiri marehemu, haukufungwa kiunoni mwa mtu.
Ameupaka masizi, ameupitishia waya wa shaba
uliotoka tumboni mwa mota mbovu,
na kutoka katika mikunjo niliyoigonga mwenyewe
umechomoza uso:
shavu huku, pua kule,
na kiraka changu ndicho jicho.
Linanitazama. Nimeangalia pembeni mimi kwanza.

Bwana mmoja mwenye miwani anawaeleza wenzake
kwamba uso wa namna hii umetoka Ulaya,
kwa wachoraji waliovunja sura vipande vipande.
Nasikiliza. Sina shule ya mambo hayo.
Ila najua vinyago vya watu viliondoka huku
vimefungwa kwenye masanduku, bila nauli, bila kuaga,
na kitu kikirudi nyumbani kimevaa suti
watoto hukiamkia kama mgeni.

Ukutani pana kadi ndogo:
jina la Nabukalu, halafu: gome, waya, masizi.
Gome. Sawa. Ni gome.

Nikasogea, nikahesabu mishono yangu
kama mama anayehesabu vidole vya mtoto.
Kumi na miwili, kumi na mitatu, kumi na minne,
kumi na mitano.

Huu si wangu.
Ni ukindu uleule, ila umepinda,
umetiwa na mkono unaojifunza,
uliojaribu usiku, pengine, taa ikiyumba,
ukafumua, ukarudia.
Na umelegea.

Nikanyoosha kidole niukaze kidogo tu.
Askari akaja mbio: Mzee, hairuhusiwi kugusa.

Nikarudisha mkono mfukoni.
Kesho nitampigia simu msichana yule,
nimwambie uzi wa ukindu hulowekwa kwanza.