Gogo Likipungua

Mtambo ulikuja Lamu vipande vipande,
punda kumi na mmoja kutoka gatini hadi Langoni,
magurudumu yamevishwa magunia
yasikwaruze kuta za watu.
Kwenye kichochoro cha kina Mwanamize gogo la mtande halikupita;
tukaligeuza, tukalisimamisha wima,
wanawake wakatoa vichwa madirishani
wakauliza: nani amefariki?

Sasa nyuzi elfu moja mia nane na arobaini
zimetandwa mbele yangu,
kila mmoja na tundu lake la kupitia,
kila mmoja na hasira zake.
Ukaze mno: unakatika kwa mlio mdogo,
kucha inayovunjika.
Ulegeze: unajikunja, unamshika jirani,
na kipisho (ndivyo tukiitavyo humu) kinajikwaa na mshindio wake
na kurukia mlangoni.
Alama iko pale ubaoni. Muulizeni Shalo;
alikuwa analeta chai.

Mwanzoni nilidhani kukaza ni jambo la mara moja.
Nilining'iniza jiwe kwenye wenzo, tundu la tisa,
nikaandika daftarini "sawa", nikapiga mstari chini.
Siku nne nguo ilitoka laini, kikoi baada ya kikoi.
Ya tano nyuzi zikaanza kukatika,
mbili, saba, kisha sikuhesabu.
Nikampigia muuza nyuzi wa Mombasa, nikamwambia maneno
ambayo baadaye niliyafuta kwa kilo mbili za halwa.
Nikalaumu kaskazi na ukavu wake,
nikamwaga ndoo za maji sakafuni mpaka ndara zikaelea.

Khuleita, fundi wa mashine za barafu,
alikuja kuazima spana namba kumi na nne.
Ana miaka ishirini na mitatu. Hakuugusa uzi.
Aliweka kiganja juu ya gogo.
"Lilipokuja lilikuwa nene vipi?"
Nikakumbatia hewa.
"Na sasa?"
Nikaonyesha paja langu.
"Na jiwe?"
Jiwe ni lile lile, tundu lile lile.
Akaniita mlangoni, pale penye alama.
"Sukuma hapa, kwenye kitasa." Mlango ukaenda.
"Sasa sukuma hapa, karibu na bawaba."
Nilisukuma hadi mishipa ya shingo ikasimama.
"Ndivyo unavyoutesa uzi," akasema,
akachukua chaki, akaandika kwenye nguzo,
kwa mizani, maana bibi yake hakumlea bure:

     Gogo lipungukiapo,
     mzigo usaliapo,
     uzi huvutika hapo,
     legeza, usisubiri.

Akaondoka na spana. Hajairudisha.

Tangu hapo, kila vikoi thelathini,
nasogeza jiwe tundu moja kuelekea egemeo,
nasikiliza kwa kidole: uzi ulio sawa
hujibu kidogo, kisha hunyamaza.

Nimeona na mengine, sikuyatafuta.
Tarehe ishirini na tano, sanduku la pesa likionyesha sakafu yake,
sauti yangu humu ndani hupanda.
Vijana walishalijua hilo.
Juzi nimekuta Shalo amechora, chini ya ubeti wa Khuleita,
jiwe dogo na mshale: ndani.

Mita za mwisho hazina jiwe.
Ni kamba tu na kiganja changu juu ya gogo jembamba,
ubao wake unaonekana, mkavu, umechanika upande mmoja.
Hatuachi nyuzi ziishe. Tunasimamisha mtambo
zikiwa bado zimo katika matundu yao,
tunaleta gogo jipya, nene, linanuka wanga,
tunaketi watu wawili, ncha kwa ncha,
vifundo elfu moja mia nane na arobaini.
Kisha narudisha jiwe tundu la tisa.