Mwisho Sahihi

Tartu, Februari. Ghorofa ya tatu, radieta inakohoa.
Vaike Lepmets, miaka sabini na sita, sweta mbili,
ameitwa kwenye kazi aliyokwisha kustaafu
kwa ajili ya bahasha moja.

Ndani yake: kipande cha jiwe kutoka kisiwa cha Saaremaa,
na juu ya jiwe, utando wa kijivu,
mkavu kama ukoko uliosahauliwa chunguni.
Kuvumwani.
Kuvu imejenga nyumba, mwani umo ndani unapika kwa jua.
Wa mbili havai moja, walisema wahenga.
Huyu amevaa, na imemkaa.

Nimesema *huyu*. Sina hakika.
Lugha yangu nayo ina makabati yake:
kifaru ana sura ya kitu, kama kiti, kama kijiko,
lakini thubutu kusema *kifaru kile*,
pembe itakufundisha sarufi.
Na mti, unaokunywa, unaolala, unaokufa,
hakuna aliyeupa *a-* ya wenye pumzi.
Kila kabati lina droo isiyofunga vizuri.

Mwaka sabini na moja Endel Raudkivi
aliumega utando huu kwa nyundo na patasi,
magoti kwenye theluji iliyoyeyuka,
Vaike akimshikia mfuko.
Usiku akapima spora, akapima unene wa gamba,
akadondosha tone la magadi makali
nao ukawa mwekundu
kama mtu aliyetajwa jina hadharani.
Kisha akauita *vaikeae*.
Hakumwuliza.
Alikuwa na mke, na watoto watatu,
na neno la Kilatini lilikuwa kitu pekee
ambacho angeweza kumpa mbele ya kamati nzima
na kamati ikapiga muhuri.

Sasa Joosep, mwanafunzi, ndevu bado zinajaribu,
amesoma vinasaba, herufi nne zikijirudia
kama mtoto anayejifunza kuandika,
na amekuta kwamba mwaka 1894
mchungaji mmoja wa Ufini, macho mabovu, wino mwingi,
aliuona utando huuhuu kwenye ukuta wa makaburi
akauita *murina*: rangi ya panya.
Sheria haina huruma wala chuki.
Aliyetangulia kuita ndiye aliyeita.
*Vaikeae* imebaki kisawe,
jina lisiloitikiwa na yeyote.

Joosep amejiandaa kuomba radhi.
Lakini bahasha ina kitu kingine,
kikaratasi kilichokunjwa mara nne, penseli, mwandiko mdogo:
*Spora sawa na za murina. V.L., Novemba 1983.*

"Ulijua?"
"Nilipima mara tatu."
"Mbona hukusema?"
"Hakuna aliyeuliza." Anapangusa miwani kwa sweta ya juu.
"Tena nilitaka kuona mtachukua muda gani.
Miaka arobaini na moja, kijana!
Hata kuvumwani ana haraka kuliko nyie."

Endel alikufa tisini na sita. Hilo hakulitaja.

Kwa desturi ya mahali hapa hakuna kibandiko kinachotolewa.
Kipya hubandikwa kando ya cha zamani,
na cha zamani hubaki na kosa lake, tarehe yake, mkono wake,
ili atakayekuja aone nani alidhani nini, na lini.
Joosep anaandika polepole, ulimi kwenye kona ya mdomo:
*murina*. Chini yake, kwa herufi ndogo, kisawe.
Anampa asaini.

Vaike anasoma. Anasoma tena.
Anaisogeza kalamu kando, anachukua penseli.
"Umeandika *vaikei*.
Hiyo *-i* ni ya wanaume.
Mimi ni *-ae*."
Anakata, anaandika upya, anapuliza vumbi la risasi.
"Kuzikwa nimekubali.
Lakini nizikwe na mwisho wangu sahihi."

Kisha anauliza kama bado wana chai,
ile nyeusi, si ile ya maua.